Ole Bado Inafikiri

Ndani ya gari ya Wete, mtafiti mmoja kwa jina Maher alimfungulia kompyuta jirani yangu, Bi Mardhiya. “Bibi, programu hii inakisia lini mtu atakubali dawa ya kichocho. Kijiji chenu kizima cha Ole kimekwama hatua ya kufikiri. Itabidi mshawishiwe mwaka mwingine.”

Mimi pia ni wa Ole, nikajifanya nafikiri.

“Dawa tumeshameza sote tokea Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani, mwanangu,” Bi Mardhiya akamwambia.

“Mbona kwenye fomu kila mtu kajibu bado anafikiri?”

“Umekuja na fomu mwezi wa uchaguzi, unauliza watu nia zao. Nani angekwambia?”

Gari ikasimama Ole. Maher akatoa kalamu. “Basi nirekebishe, Bibi. Wewe nikuandike umeshameza?”

Bi Mardhiya akaitazama ile fomu, akashuka. “Niandike bado nafikiri.”