Waliopo Daftarini

Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Walimu wawili waliokaa mbele yangu kwenye basi walikuwa wamekutana safarini, wakielekea kituo kilekile nilichokuwa nakwenda mimi, na tayari walikuwa wanabishana.

"Darasa la kwanza nina watoto mia na kumi na wawili," alisema mwanamume, mwalimu wa pembezoni mwa mji. "Wengine wanaandikia magotini. Wewe je, dada?"

"Shule nzima nina thelathini na mmoja," alijibu yule mama, mwalimu mkuu wa huko milimani. "Ila daftarini wapo sabini. Wakiwa chini ya sitini tunafungiwa shule, na waliobaki watatembea saa mbili kufuata nyingine. Kwa hiyo anayehama simpi barua ya uhamisho. Kila asubuhi naita jina lake, natia alama kwamba yupo."

Alisema bila aibu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuziba paa linalovuja.

"Kumbe hao watoto wako waliohama ninao mimi," alisema yule mwanamume. "Bila barua siwezi kuwaandikisha. Hawana kitabu wala mtihani. Kuna binti mmoja mashoto, katoka huko huko kwenu, ana pengo hapa mbele. Nikiita majina ananikodolea macho mpaka nafunga daftari."

Mwalimu mkuu alikaza mkoba wake kifuani. "Huyo namwita kila asubuhi."

"Na mimi kila asubuhi namruka."

Basi likasimama. Konda akaita kituo mara mbili. Sote watatu tulikuwa tunashukia pale, na hakuna aliyeitika.