Mhudumu wa Chumba cha Baridi

Ijumaa, tarehe 30 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, yakakatika saa nne. Siku hiyo mhudumu wetu wa ofisi, ambaye sote tunamwita Shangazi, alistaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi.

Aliajiriwa kufagia, kupika chai na kupeleka mafaili kutoka meza hadi meza. Chai yake ilikuwa nyepesi, jambo ambalo hakuwahi kulikubali.

Sifa zake zilivuma mwaka tulioamriwa kufunga mtandao wa kompyuta. Makao makuu yalituma mwongozo uliotafsiriwa na mtu aliyependa Kiswahili safi. Kila palipostahili kuandikwa seva, yaani ile kompyuta kuu inayotunza mafaili ya wote, yeye aliandika mhudumu. Mhudumu tulikuwa naye. Tukaanza kazi.

Mwongozo ulisema mhudumu awekwe katika chumba chenye baridi, mbali na maji na vumbi. Tukahamisha makabrasha ya stoo, tukafunga kiyoyozi, tukamketisha Shangazi humo akiwa amevaa koti la mumewe. Ulisema apewe anwani isiyobadilika. Wiki hiyo alikuwa anahama nyumba. Meneja akamsihi asihame, naye akashusha vitanda vilivyokwisha pakiwa kwenye mkokoteni. Ulisema awe na nakala yake. Akamleta mdogo wake, ambaye wanafanana kama shilingi kwa ya pili, akakaa kwenye korido anafuma.

Kusema kweli, mtandao ulifanya kazi. Aliyetaka faili alibisha hodi na kutaja nenosiri, Shangazi akampatia. Mhasibu alipolalamika kwamba mtandao uko polepole, aliambiwa apunguze maombi, maana mtandao wenyewe una magoti mawili tu. Meneja alisahau nenosiri lake akasimama nje hadi saa saba. Alijitambulisha kwa cheo, kisha kwa jina, kisha akakumbushia kwamba asubuhi walikunywa chai pamoja. Akajibiwa kwamba yote hayo ni kweli, ila si nenosiri.

Kisha akaja fundi na seva yenyewe, sanduku jeusi. Alimtazama Shangazi, akakitazama kiyoyozi, akaomba kiti. Alipomweleza kwa adabu kwamba yeye si mashine, Shangazi alimwambia akabishane na makao makuu, maana yeye ametajwa kwenye mwongozo na fundi hakutajwa. Hata hivyo waya zilivutwa, seva ikawashwa na intaneti ikaingia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fundi aliandika taarifa yake kwa maneno ya mwongozo: mhudumu mpya amewasili na anafanya kazi vizuri. Makao makuu yakajibu kwamba ofisi ndogo kama yetu haistahili wahudumu wawili, mmoja aachishwe. Shangazi alikuwa bado hajatimiza miaka ya kupata pensheni, na watoto wake wawili walikuwa shuleni. Wiki nzima hakuna aliyemtania. Chai ikazidi kuwa nyepesi.

Katibu muhtasi ndiye aliyekumbuka kanuni ya utumishi: anayepunguzwa ni wa mwisho kuajiriwa. Meneja akaiandikia seva barua ya kuachishwa kazi. Alieleza kwamba mhudumu huyo mpya ni mchapakazi ila hasalimii watu, na kwamba alipopewa nafasi ya kujitetea alinyamaza. Makao makuu yaliridhika, yakamtumia mhudumu huyo na pole. Tangu hapo seva inahesabiwa kuwa kibarua, nayo ndiyo iliyobeba jarida hili la ofisi hadi kwenye kompyuta yako.

Shangazi akabaki, akatimiza miaka yake, na kifungua mimba wake sasa ni mkunga. Seva aliipangusa vumbi kila asubuhi akiiita mwenzangu.

Shangazi, asante kwa kila faili lililofika mezani na kila kikombe tulichokunywa bila kunung'unika kwa sauti. Pensheni isichelewe, magoti yapone, na wajukuu wakusikilize. Hayo yote meneja aliyasema kwenye sherehe ya kumuaga, kwa kunong'ona, maana Shangazi, kwenye kiti cha mgeni rasmi, alikuwa amekwisha lala tangu saa tisa na dakika kumi alasiri.