Mugongo ya Bibi, Simu ya Bwana

Lori lilipotoka Ngungu, Mama Béata alikuwa amekalia gunia la viazi, na jirani yake, Papa Sebarenzi, alikuwa amekalia sifa zake mwenyewe.

"Mama, nilijiandikisha ku programu ya mugongo, iko ku internet. Kila asubui nalala ku mukeka, napandisha magoti, navuta pumuzi. Munganga wa ku simu ananiambia bravo!"

Béata akamtazama. Mgongo ulikuwa umenyooka kama ukuta wa kanisa. "Ilianza kukuuma lini, Papa?"

"Mimi? Siko na maumivu hata kidogo. Mugongo ya bibi yangu njo inauma. Lakini simu iko ya kwangu."

"Na bibi iko wapi?"

"Anafuata na miguu, na kitunga yake ya viazi. Lori inaruka sana, itamuumiza."

Karibu na Karuba lori likazama kwenye matope. Dereva akapiga kelele watu wote washuke wasukume. Sebarenzi akashika kiuno polepole, kama mama mjamzito. "Mimi hapana. Munganga alikataza kusukuma."

Béata akavua viatu, akashuka, akaweka bega. "Vuta pumuzi, Papa. Tunakusukuma na weye."