Vidole vya Daktari Eulalie

Tarehe 25 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufungua na kufunga vifua vya watu, Daktari Eulalie Cibalonza anatundika koti lake jeupe. Wakubwa wameniomba mimi, muuguzi wake wa chumba cha upasuaji, niandike maneno machache. Machache ni yao, yangu hayaishi.

Alifika Bukavu kutoka Sange akiwa daktari mwembamba, mkali, asiyecheka. Wembamba umeshamtoroka. Ukali nao ulikuwa wa kutuchezea tu, na tuligundua ndani ya juma moja.

Kila mwanafunzi wake amechagua maharage akiwa amefumba macho. Daktari alichanganya vijiwe kwenye sinia, kisha akaamuru vitafutwe kwa vidole. Walinung'unika, Lucien kuliko wote. Lakini kansa ya mifupa inayowashika vijana hupenda kuhamia kwenye mapafu, na baadhi ya vivimbe ni vidogo hata skana haivioni. Hivyo hupatikana kwa mkono unaopapasa pafu polepole.

Miaka minne iliyopita tulimpokea Sagesse wa Walungu, msichana aliyekuwa amekwisha kukatwa mguu. Sasa ugonjwa ulikuwa kwenye mapafu yote mawili. Mama yake, Maman Joviale, alianza kufunga mizigo.

"Muguu mulishakamata. Sasa munataka na kifua? Acha nirudie na mutoto wangu, akufie ku nyumba."

Daktari Eulalie hakumgombeza. Aliketi kitandani, akamshika mkono.

"Maman, nitatosha zote zenye vidole yangu itasikia. Zenye itajificha, sitakudanganya."

Kwetu kutosha ni kutoa. Mgeni wetu kutoka Dar es Salaam, daktari wa usingizi, alidhani anajisifu kwamba yeye peke yake anatosha. Tulicheka hadi machozi, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomfanya Maman Joviale aweke mizigo chini.

Pafu la kushoto lilifunguliwa kwanza, la kulia majuma machache baadaye. Vidole vilipata vivimbe viwili ambavyo skana haikuvionyesha. Mwaka uliofuata kimoja kilirudi, naye akakitoa.

Si wote waliopona. Josué wa Minova tulimzika, na daktari alilia mbele yetu bila kujificha. Siku ile nilimpenda zaidi ya siku zote.

Kwa sherehe yetu tulimwalika Sagesse aje kumkabidhi daktari maua. Ameomba radhi, hawezi kuja: siku hiyohiyo anafanya Exetat, mtihani wa kumaliza sekondari. Daktari alipopata habari hiyo alitoka nje, akakaa huko kitambo.

Kwa hiyo maua nitayatoa mimi. Aksanti sana, Daktari wetu. Ulale hadi jua likuchoshe, na Mungu akupe miaka mingi ya heri.