Mama Mkalimani, Aliyejifunza Kusema "Mimi" Uzeeni
(11 Machi 1951 – 17 Oktoba 2023)

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee mwashi na mkewe msusi wa mikeka. Baba alitoka ng'ambo hii ya mto na mama ng'ambo ile, kila upande na lugha yake. Bibi zake wawili waliishi ua mmoja bila kuelewana hata salamu. Kwa hiyo tangu akiwa na miaka mitano, Marehemu alitumwa katikati. "Mwambie huyo bibi yako kisu chake ni butu kama akili yake," bibi mmoja angesema. Mtoto angegeuka na kusema, "Bibi anauliza kama akunolee kisu." Visu vya ua ule vilikuwa vikali mwaka mzima, na kila bibi aliingia kaburini akiamini mwenzake alikuwa mtu mwema.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1970, akiwa wa kwanza darasani katika imla miaka minne mfululizo. Baadaye alisomea kupiga chapa kwa mwaka mmoja. Mwaka 1973 aliajiriwa karani wa mahakama ya wilaya, na mwaka 1975 akapandishwa kuwa mkalimani, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006.

Mahakamani hakuruhusiwa kulainisha neno. Shahidi akisema kwa lugha ya ng'ambo ile, "Nilimpiga," naye alitakiwa kumgeukia hakimu na kusema, "Nilimpiga." Si "anasema alimpiga." Asubuhi alikuwa mwizi wa baiskeli, mchana mjane anayedai shamba, jioni baba aliyemkana mwanawe. Nyumbani alirudi kimya, akatundika mkoba msumarini na kuwaambia watoto, "Maneno yangu yamebaki kule." Lugha ya mama yake hakuwafundisha kamwe. Alisema imejaa kesi, hataki ilale na watoto wake.

Mahakamani hapo ndipo alipokutana na mumewe, mkaguzi wa mizani za madukani. Alikuja kutoa ushahidi dhidi ya muuza sukari aliyechezea mizani, na Marehemu ndiye aliyemsemea mshtakiwa. "Mimi sikijui hata hicho kipande cha madini ya risasi kilichogundishwa chini ya sahani ya mizani," alisema kwa sauti nyofu. Kesi ilipokwisha, mkaguzi alimfuata kibarazani. "Dada, leo ulikaribia kunifanya nikuamini wewe niiache mizani." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1977, wakajaliwa watoto watatu: mvulana ambaye leo ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mabinti wawili, mmoja muuguzi na mwingine mwalimu.

Mume alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 19 Agosti 2008. Siku ya maziko mjane alikaribishwa aseme machache. Alishika kipaza sauti, akafungua mdomo, akaufunga, akakirudisha. Waombolezaji wakamwelewa. Mwanawe hakumwelewa. Watu walipotawanyika alimwambia, mbele ya dada zake, "Mama, umewasemea wezi na wauaji miaka thelathini na moja. Baba ndiye umekosa la kumsemea?" Kijana akachukua koti lake akaondoka, na kwa zaidi ya miaka mitatu hakuvuka tena kizingiti kile. Akawa anamwulizia mama hali kwa mzunguko, kupitia kwa dada zake.

Hilo ndilo lililompeleka kwenye klabu ya wasemaji, Alhamisi ya kwanza ya Februari 2010. Klabu ilikutana saa kumi na moja jioni katika chumba cha ghorofani juu ya duka la rangi, viti vya plastiki ishirini, harufu ya tina ya kuchanganyia rangi kila mahali. Mwenyekiti alikuwa kinyozi mstaafu. Mmoja alitunza muda kwa kadi tatu, ya kijani, ya manjano na nyekundu. Mwingine alishika kopo, na kila msemaji aliposema "eee" au "yaani" pasipo sababu, alidondosha gololi ndani: kwang'! Mada za papo kwa papo zilichomolewa kutoka kwenye birika lililopoteza mfuniko, na aliyechomoa alisimama dakika mbili.

Jioni ile Marehemu alichomoa kikaratasi kilichosema, "Eleza siku yako ya leo." Akasimama. Kadi ya kijani ikapita, ya manjano ikapita.

"Samahanini," alisema mwishowe. "Sijui niseme kwa niaba ya nani."

Wakacheka, wakidhani ni utani. Kinyozi hakucheka. Alimfuata kwenye ngazi. "Dada, hapa hakuna mshtakiwa. Ni wewe tu."

"Ndiyo shida yenyewe, kaka. Nikisema 'mimi' nawaona wao."

Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kwa miezi minane alikubali kazi ya kopo tu. Kisha akaanza kwa sentensi moja, ya pili, ya tatu, akijiandikia kwenye daftari la jikoni: mimi napenda chumvi. Mimi naogopa ngazi. Mimi nilimpenda mume wangu.

Mwezi Novemba 2011 alikuwa na hotuba ya dakika saba, ile aliyoshindwa kuitoa kaburini. Alimtumia mwanawe ujumbe kupitia kwa binti mkubwa. Kiti cha mbele kiliwekwa wazi, na hakuja. Marehemu alisema watu waendelee, yeye zamu yake ataitumia siku nyingine. Kesho yake asubuhi alivaa gauni lilelile, akaenda karakana ya mwanawe. Mwana alikuwa ameinama juu ya fremu ya mlango, kinyago usoni, cheche zikiruka. Akasimama mbele yake, miguu imekaa sawa, mikono imetulia. Mwana akazima mashine, ila kinyago hakukiinua.

Akamwambia yote. Jinsi baba yao alivyopima kila kitu, hata unga wa uji wa watoto. Jinsi usiku wa mwisho alivyomwomba amshike kifundo cha mkono ahesabu mapigo, naye akahesabu, yakapotea mikononi mwake. "Siku ile nilipofungua mdomo," alisema, "zilikuja sauti za wajane wote niliowasemea. Yangu sikuiona. Nisamehe, mwanangu. Ilikuwa mbali."

Kinyago kikiwa bado usoni, fundi alivuta ndoo ya rangi iliyokuwa tupu, akaigeuza, akaipangusa kwa kiganja. "Keti, Mama. Umesimama sana."

Miaka kumi na zaidi iliyofuata aliwafundisha wageni wa klabu, na wengi mliopo hapa mnayakumbuka makaripio yake. Usianze kwa kuomba radhi, ukisema hukujiandaa watu wataanza kukukagua. Beba jambo moja, ukibeba mawili moja litadondoka, na litakuwa lile la maana. Kwenye nukta vuta pumzi, usiweke hapo "yaani." Mikono ukikosa kazi ya kuipa, iache ining'inie, haijaiba kitu. Uenyekiti aliukataa mara tatu.

Tarehe 6 Juni 2023 alipatwa na kiharusi. Alipozinduka hospitali, lugha ya mjini, ile ya ng'ambo hii, aliyoolewa nayo na kulea nayo, ilikuwa imefutika. Ilibaki ile ya mama yake, na ndani ya familia nzima aliyeijua alikuwa mdogo wake peke yake. Mama mdogo akahamia kando ya kitanda cha dada yake, akawa mkalimani. Aliporudishwa nyumbani, klabu nayo ikahamisha Alhamisi zake sebuleni kwake, Marehemu akapewa kadi za muda, kazi isiyohitaji neno. Nyekundu aliiinua bila huruma, hata kwa kinyozi.

Mwanawe alianza kujifunza. Aliandika kwa chaki ukutani mwa karakana: maji, mto, geuza, inauma, nipo. Alifikia maneno arobaini na moja. Alipokosea lafudhi mama alitikisa kichwa, akamrudisha mwanzo, na siku nyingine akacheka hadi machozi.

Jumanne asubuhi, tarehe 17 Oktoba, mama mdogo alikuwa ametoka kwenda duka la dawa. Mwana alikuwa akimnywesha maji kwa kijiko. "Nipo, Mama," alimwambia kwa lugha yake. Mama akamtazama, akasema neno moja, akafumba macho. Saa tatu na dakika ishirini alikata roho.

Mwana alilishika neno lile hadi mama mdogo aliporudi, akalisema, akalirudia. Mama mdogo alilisikiliza mara nyingi. Anasema kwa lafudhi ile hawezi kuapa. Ama ni "imetosha," kwa ajili ya yale maji, ama ni "nimesikia." Mwana bado analirudia.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, mdogo wake, na wanachama thelathini na mmoja wa klabu ya Alhamisi. Mungu ampe pumziko lenye amani.