Mbuzi Aliyezalia Kirolirwe: Maisha na Ndoa ya Mama Drocella Uwamwezi, 1950–2025

Mama Drocella Uwamwezi, tunayemsindikiza leo Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025, alikuwa mwuguzi kwa miaka thelathini na tisa na mke wa Papa Zéphyrin kwa miaka hamsini na mmoja. Juu ya uuguzi hakuna anayebisha. Juu ya ndoa, jana wazee wa ukoo wa Papa Zéphyrin waliuliza swali moja: je, kwao Masisi walipokea mahari, ndiyo au hapana? Kwa desturi ya ukoo huu, mwanamke ambaye kwao hawakupokea kitu hazikwi kati ya wake wa ukoo. Anawekwa pembeni, kama mgeni anayengoja watu wake waje kumchukua. Swali ni la haki, na wazee waliliuliza kwa upole. Jibu limo katika karatasi hii, iliyoandikwa na mdogo wa marehemu, Viateur Nishimwe. Inasomwa na mjukuu wa marehemu, Nicole, kwa sababu macho ya Viateur hayaoni tena vizuri, na hata kama yangeona, sauti yake isingefika mwisho.

Mama Drocella alizaliwa Kirolirwe, huko Masisi, tarehe 14 Machi 1950, mtoto wa kwanza wa Papa Dusabimana na Mama Nyiransengimana, wakulima wa viazi na mahindi waliokuwa na ng'ombe watatu na majina yao. Wadogo zake wawili, mapacha, walikufa wakiwa wachanga, kisha mwaka 1953 akazaliwa Viateur, na huyo ndiye ambaye Drocella alimbeba mgongoni mpaka watu wakawa wanauliza kama mgongo wake umeota mtoto. Siku moja Viateur alichomwa na mwiba mguuni. Drocella, ambaye hakuwa amefikisha miaka tisa, alipitisha pini kwenye moto, akamkalia mdogo wake kifuani na kuutoa. Viateur alimng'ata sikio kwa hasira. Alama ya meno ilibaki kwenye sikio la kushoto, na waliomwosha juzi wameiona. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba huyo ndiye mgonjwa wake wa kwanza, na ndiye aliyemlipa vibaya kuliko wote.

Shule ya msingi alisomea Mushaki, akikaa kwa shangazi yake Pétronille, aliyeuza maziwa na jibini kando ya barabara na hakuruhusu mtu kulala kabla ya kuosha vyombo. Mama yao alifariki mwaka 1966 kwa homa ya siku nne. Drocella alitaka kurudi nyumbani kumpikia baba yake, lakini Papa Dusabimana alikataa kabisa. Alimwambia, "Miye naweza kujipikia viazi. Weye uende usome." Akasoma uuguzi kwa masista, akapata karatasi yake ya A3, cheti cha wauguzi, mwezi Julai 1971. Siku aliyofika nyumbani na blauzi nyeupe, Papa Dusabimana alizunguka kilima kizima akisingizia kutafuta ng'ombe aliyepotea, ilhali ng'ombe wote walikuwa zizini. Alitaka tu watu wamuulize habari za binti yake.

Septemba mwaka huohuo alitumwa kwenye dispanseri moja ndogo katika misitu ya Walikale. Mtu aliyekulia kwenye vilima vya upepo hakuzoea haraka. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja ambao Viateur bado anaukumbuka: "Huku mbingu hazionekani, ni majani tu." Lakini alibaki, na hakuondoka tena mpaka alipostaafu mwaka 2010. Alizalisha akina mama ambao watoto wao aliwazalisha pia. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake alifundishwa jambo moja kabla ya yote: kondo la nyuma likitoka, lilaze kwenye beseni, likague mara mbili, uhakikishe hakuna kipande kilichobaki ndani. Wakimuuliza kwa nini mara mbili, alijibu kwamba yeye aliwahi kukagua mara moja, akaua mbuzi. Wanafunzi walicheka. Yeye hakucheka, na wengi wenu mliopo hapa mmelisikia neno hilo bila kujua maana yake.

Papa Zéphyrin alikuwa kijana wa kulima na kuwinda, na ndiye aliyewaongoza wabebaji wa kipoyi, yaani machela ya wagonjwa, wa kijiji chake. Mwezi Mei 1973 walimfikisha shemeji yake akiwa na uchungu wa siku mbili. Drocella alitoka, akawazuia mlangoni.

"Munawe mikono kwanza," akasema.

Zéphyrin akamwakia mwuguzi. "Mama infirmière, muntu anakufa, na weye unatafuta sabuni?"

"Unawe. Kisha utanigombeza."

Alinawa. Mtoto akazaliwa mzima, na mama yake akapona. Wiki iliyofuata Zéphyrin alirudi na asali, akidai amekuja kumalizia ule ugomvi. Hata leo ukimuuliza Papa Zéphyrin walivyopendana, anaonyesha viganja vyake na kusema, "Tangu ile siku niko nanawa tu."

Tarehe 8 Juni 1974 watu wa Walikale walifika Kirolirwe kuposa, na Drocella alifuatana nao, amevaa kitenge chake kizuri. Walileta mbuzi kumi na mmoja, nyama ya porini iliyokaushwa na asali. Walikuwa wametembea siku sita. Kwao ni pori, ng'ombe hawakai, na mbuzi kumi na mmoja ilikuwa mahari ambayo ingemfanya mkwe yeyote wa huko asimame kushukuru. Lakini Masisi binti aliolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe wa dada ndiye ambaye kaka yake alimtumia kuolea. Viateur alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na msichana alikuwa amekwishamchagua, Muhawenimana wa kilima cha pili. Alikuwa ameshamhesabu ng'ombe wa dada yake kuwa wake.

Papa Dusabimana aliwahesabu mbuzi kwa macho. Aliyesimama ni Viateur.

"Na miye nitaoa na nini? Na mikia ya mbuzi?" akasema mbele ya wageni. "Mubebe mbuzi zenu. Huku kwetu mutoto mwanamuke haolewe na mbuzi."

Baba hakumkemea. Wageni walilala kwa jirani, na asubuhi wakaja kuchukua mbuzi wao. Ndipo mbuzi jike mmoja, mweusi mwenye kidevu cheupe, alipolala katikati ya uwanja na kushindwa kuzaa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Drocella alikunja kitenge, akanawa mpaka kwenye viwiko, akapiga magoti kwenye matope ya baba yake. Maji ya moto aliletewa na Papa Dusabimana mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kuonekana amebeba sufuria mbele ya wageni. Alimwagia binti yake maji mikononi. Mtoto akatoka, akapiga chafya. Papa Dusabimana akawaambia wageni kwamba mbuzi huyu hawezi kutembea siku sita, abaki. Waliondoka na kumi, na Drocella akaondoka nao analia, kwa sababu alijua anaolewa bila baba.

Jioni ile Papa Dusabimana alimwita mwanawe zizini.

"Viateur, mbuzi ya bakwe ikizalia mu lupango, mu kiwanja yangu, na miye nikaileteya maji, njo nimesha kupokea. Uende Walikale. Umwambie dada yako akuye na bwana yake, tutapika."

Hapa ndipo penye uzito wa karatasi hii. Viateur aliondoka. Alifika Masisi-Centre, akakaa kwa rafiki siku nne, akala, akacheza karata. Kila asubuhi alisema ataendelea na safari, na kila asubuhi alimkumbuka Muhawenimana na ng'ombe asiyekuwepo. Siku ya tano alirudi Kirolirwe, akamwambia baba yake maneno mawili: "Papa, amekatala." Mzee hakuuliza zaidi. Alikuwa na kiburi cha watu wanyamavu, akaingia ndani.

Mwaka 1976 mfanyabiashara mmoja alileta barua ya Drocella. Binti ambaye mahari yake imerudishwa haingii kwa baba yake bila kuitwa, kwa hiyo hakuomba kuja. Aliuliza mambo mawili tu: Papa yu hali gani, na yule mbuzi alipona? Ukiisoma haraka ungedhani ni habari za mifugo. Viateur hakuisoma haraka. Alielewa kwamba dada yake anauliza kama bado kuna kamba inayomfunga na nyumbani. Baba yao hakujua kusoma. Viateur akajibu kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo: "Papa ni mzima. Mbuzi alikufa siku ileile."

Mbuzi hakufa. Aliishi miaka tisa. Aliendelea kuzaa, na watoto wake wakazaa, na Papa Dusabimana hakukubali achinjwe hata mmoja, akisema hao ni wa Drocella, atawakuta. Lakini mwaka 1981, alipoona mwanawe anakaribia miaka thelathini bila mke, alikubali kwa uchungu kubadilisha mbuzi kumi na wanne kwa mtamba mmoja. Kwa mtamba huyo Viateur alimwoa Muhawenimana. Kwa hiyo aliyewatukana wakwe kwa sababu ya mikia ya mbuzi alioa kwa mbuzi, tena kwa mbuzi hao hao. Mahari ya dada yake ilifanya kazi yote ambayo mahari hufanya, na mwenyewe hakuambiwa. Viateur amelala na mke huyo miaka arobaini na minne na hakumwambia hata yeye. Alimwambia juzi kwa simu, na alistahili alichojibiwa.

Papa Dusabimana alifariki tarehe 2 Februari 1989, akiamini binti yake alimkataa. Habari zilifika Walikale wiki tatu baadaye. Mwaka 1993, vita vya majirani vilipoingia, watu wenye mapanga walifika mlangoni kwa Papa Zéphyrin wakisema mwanamke huyu si wa hapa, hata kwao walirudisha mbuzi. Papa Zéphyrin alisimama mlangoni tangu asubuhi mpaka wakachoka. Alama iliyo mkononi mwake ni ya siku hiyo. Neno moja kutoka Kirolirwe lingewanyima watu wale la kusema, na mwenye neno hilo alikuwa hai, mzima, analima viazi vyake.

Kisukari kilimshika Mama Drocella mwaka 2014, na mwaka huu figo zikachoka. Alijipima mwenyewe, akajiandikia mwenyewe, akawagombeza waliompikia chumvi nyingi. Oktoba mwishoni alimwita mdogo wake. Viateur alifika kwa pikipiki na kwa miguu, siku tano, vizuizi visivyohesabika, tarehe 2 Novemba. Alimkuta amekonda, macho yakiwa yaleyale. Walisalimiana, wakalia, wakacheka juu ya sikio. Kisha akamshika mkono.

"Viateur, ile mbuzi ilikufa juu ya nini? Siku zote ninawaza ni miye. Labda kipande ya kondo ilibakia ndani, sikuona."

Viateur alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Kwa swali hilo hakujitayarisha. Miaka hamsini dada yake hakumlaumu yeye wala baba. Alijilaumu mwenyewe, akidhani mikono yake ndiyo iliyoua mahari yake.

"Dada, upumzike kwanza," akasema. "Tutaongea ukipata nafuu."

Mama Drocella alitabasamu. "Miye ni infirmière, mudogo wangu. Nafuu haiko."

Hata hapo Viateur hakusema. Alisema kesho. Kesho yake alisema kesho. Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa moja asubuhi, Mama Drocella aliomba maji ya kunawa mikono, akanawa, akafariki akiwa ameshikwa na Papa Zéphyrin. Viateur alikuwa nje, anatafuta maneno.

Sasa wazee wapate jibu lao. Familia ya Kirolirwe ilipokea. Papa Dusabimana alipokea asubuhi ya tarehe 9 Juni 1974, kwa maji aliyoyabeba mwenyewe. Hakuna wanachodai, na hakuna wa kumweka Mama Drocella pembeni. Azikwe katikati, kati ya wake wa ukoo. Kwa Papa Zéphyrin, ambaye huko Kirolirwe Viateur alimwita mwizi kwa miaka hamsini na mmoja, Viateur anaomba ruhusa ya kumwita shemeji. Akinyimwa, ataelewa.

Mama Drocella Uwamwezi ameacha mume, Papa Zéphyrin, watoto watatu, Nestor, Béata na Joséphine-Marie, wajukuu kumi na mmoja, akiwemo Nicole anayesoma na Cindy aliyezaliwa mikononi mwake, vitukuu wawili, shemeji na mawifi, wanafunzi wengi wanaokagua mara mbili, na mdogo mmoja, Viateur, ambaye hakustahili mgongo uliombeba.

Nicole, hapa usome polepole, umwelekee yeye, si watu: Dada, kondo lilitoka lote. Mikono yako haikukosea. Mbuzi alipona, na Papa alikungoja. Lala kwa amani, mke wa watu.