Kuitikia kwa Kichwa

Kitu cha kwanza binti alichokiona alipopanda basi ni midomo ya meneja wa ofisi ya wakili wake, ikisali kimyakimya kabla halijaondoka mahakamani.

"Unasali hivyo, dada, kwani dereva unamjua?" akauliza fundi viatu aliyeketi kando ya meneja.

"Nashukuru kwa kesi ya leo, kaka."

"Mungu na mawakili! Wanakutana wapi hao?"

Meneja akacheka. "Zamani nilikuwa nadeki korido za mahakama ile. Watu walitoka wakilia, hawajui wameshinda au wameshindwa. Nikamwahidi Mungu, nikipata kazi kwa wakili, mteja wangu hataondoka bila kuelewa."

"Utajuaje kama ameelewa?"

"Namuuliza. Akiitikia, naridhika."

"Hata mke wangu huitikia," fundi akasema, "kisha anafanya yake."

Kwenye kiti cha nyuma yao, binti aliona aibu. Hakimu alikuwa ameamua nani atamlea mdogo wa binti huyo, na meneja alipomuuliza kama ameelewa, aliitikia kwa kichwa, kama alivyozoea darasani mpaka akaacha shule. Basi likaanza kupunguza mwendo kwenye kituo chake. Akamgusa meneja begani.

"Mama, sikuelewa. Mdogo wangu anabaki na mimi?"

"Anabaki na wewe, mwanangu. Usishuke, nikueleze."

"Nieleze polepole," binti akasema.